Shangazi, Nasra Ameniuliza Neno Chanjo Limetoka Wapi

Shangazi yangu Zuhura,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila mdomo umeshazoea. Sijawahi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia na sitaanza leo. Nakuandikia hapa dukani kwangu Kariakoo, nimekaa juu ya robota la vitenge. Ni Ijumaa, watu wameenda msikitini, mtaa umetulia kidogo. Nina jambo la kukwambia, na kabla ya kulisema nitazunguka kwanza kama kawaida yangu. Nivumilie.

Jumatatu Nasra alirudi kutoka shule na kazi ya nyumbani. Unamkumbuka mwanangu alivyokuwa na maswali. Basi sasa ana miaka kumi na tatu, amenizidi urefu, na maswali hayajapungua hata moja. Mwalimu wao wa Kiswahili amewagawia maneno, kila mwanafunzi na lake, aeleze maana yake na asili yake. Nasra kapewa "chanjo", kwa sababu Alhamisi wauguzi walikuwa wanakuja shuleni kwao kuwachanja wasichana. Mimi napepeta mchele, yeye kakaa juu ya ndoo, daftari mapajani.

"Mama, hivi neno chanjo limetoka wapi?"

Wallahi, Shangazi, nilikusikia wewe kabla sijafungua mdomo. Nikaacha ungo, nikakaa sawa, nikaanza kumsomesha mtoto kwa maneno yako, mpaka mikono nikawa naichezesha kama wewe.

Maana mie neno hilo sikulisoma kwenye kamusi. Nililisikia kwenye benchi la ile zahanati yako karibu na Mnazi Mmoja, Nasra akiwa mchanga mapajani mwangu, na wanawake wamebanana kulia na kushoto. Ulikuwa huanzi kazi mpaka uongee kwanza. Unasimama mbele yetu na gauni lako jeupe lililopigwa pasi, unapandisha mkono wa gauni mpaka begani, unatuonyesha kovu la mviringo lenye vishimo vishimo. "Hii ndiyo chanjo yenyewe," unasema. "Nyie mnadungwa tu. Sisi tulichanjwa."

Halafu unaeleza. Kwamba kuchanja ni kukata ngozi kidogo, juu juu, ili dawa ipate njia. Kwamba neno lilikuwepo hata kabla ya zahanati, wazee walichanja chale wakapaka dawa zao. Kwamba ndui ilipokuwa inamaliza watu, zipo sehemu nyingi za Afrika ambako watu walijua kuchukua usaha wa mgonjwa wakautia kwenye mchanjo wa asiyeumwa, augue kidogo apone, asiugue tena. "Ilikuwa hatari," ulikuwa unasema, hufichi, "wengine walikufa kwa hiyo hiyo. Lakini msije mkadhani babu zetu walikaa wakitazama tu." Baadaye ikaja dawa iliyo salama zaidi, nayo ilitiwa kwa kukwaruza mkono, ndipo wewe ulipopata kovu lako. Halafu ikaja sindano, yakaja na matone ya mdomoni. Hakuna anayekatwa ngozi tena, lakini jina tumebaki nalo.

Na ng'ombe! Nasra alipenda hapo kwenye ng'ombe kuliko pote. Ulituambia neno wanalotumia Wazungu limetoka kwa ng'ombe, kwa sababu kwenye Kilatini cha zamani ng'ombe anaitwa vacca. Wakamua maziwa kule kwao walikuwa wanaambukizwa ndui ya ng'ombe, vipele viwili vitatu vya mkononi, basi. Lakini ndui ya watu ikiingia kijijini, inawapita. Daktari mmoja akatega sikio kwa maneno ya hao wakamua maziwa, akachukua majimaji ya kipele cha mmoja wao akamchanja nayo mtoto, mtoto akakingika. "Hakuanza kwa kuwafundisha," ulituambia. "Alianza kwa kuwasikiliza."

Bi Swafia akadakia. Unamjua huyu jirani yangu wa duka la mapazia, ulimi wake haulali. Siku ile kampakata mjukuu wake Rahma, kashika ushungi. "Astaghfirullah! Kwa hiyo Zuhura wewe unatutilia watoto ng'ombe?"

Ukamtazama. "Bi Swafia, ng'ombe unamla kila Ijumaa kwenye pilau. Leo kawa haramu?"

Benchi zima lilicheka, mpaka watoto wakaamka. Bi Swafia mwenyewe alicheka hadi akatoa machozi, na Rahma akachomwa wa kwanza siku ile.

Nimemsimulia Nasra hayo yote, kaandika kurasa mbili. Lakini kuna mengine yako sikumsimulia, nikabaki nayo moyoni nikiwa napepeta. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa unapima uzito. Wenzio walimtundika mtoto kwenye mizani wakapaza sauti ili anayeandika asikie, "Kilo nane na nusu!" Na sisi wanawake wa huku unatujua tulivyo. Mwenye mtoto mnene anamfunika kanga haraka kwa kuogopa kijicho, mwenye mtoto mwembamba anainamisha kichwa kwa aibu. Mwezi unaofuata wote wawili hawaonekani. Wewe ukaliona hilo wakati wengine wanalalamika tu kwamba kina mama wa Kariakoo wakaidi. Ukachukua mizani na kalamu vyote viwili, ukawa unapima mwenyewe, unaandika mwenyewe, halafu unainama unamnong'oneza mama sikioni kilo za mwanawe. Foleni ikawa ndefu. Wenzio wakakuteta, eti muuguzi mzima unaamini husuda. Ukawajibu mbele yetu, "Mie siogopi kijicho. Naogopa mama asirudi."

Wakarudi. Mpaka waliokuwa wamehamia mbali walikuwa wanakufuata wewe.

Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukutia aibu! Sijui nicheke au nijifiche. Nasra alipotimiza miezi tisa, zamu ya chanjo ya surua ikafika. Mtoto alikuwa bonge la mtoto, mashavu yanamwagika. Wiki ile mtu kamsifu kwenye ngazi bila kusema mashallah, jioni yake mtoto akachemka homa. Nikaapa simtoi nje. Basi nikafanya nini? Nikatuma kadi. Kadi peke yake, Shangazi! Nikaitia kwenye bahasha, nikakuletea mpaka zahanati, nikakwambia uandike tu kwamba kachanjwa, kwani sisi si ndugu?

Uliigeuza ile kadi mbele na nyuma. "Huyu ndiye mgonjwa? Haya, lete paja nimchome." Ukanirudishia bahasha. "Kadi haiugui surua, mwanangu."

Nilikasirika nikaondoka. Kesho yake asubuhi nasikia hodi mlangoni kwetu Mchafukoge, ghorofa ya nne, ngazi zote zile na magoti yako. Umekuja na kanga pana. Ukamviringa Nasra kuanzia utosini, ukambeba mwenyewe kama furushi, tukatoka. Kila anayeuliza umebeba nini, unajibu, "Nguo za kufua." Tumepita katikati ya Mnazi Mmoja hivyo hivyo, furushi linapiga chafya, wewe uso mkavu. Ulimchanja, ukaninong'oneza kilo zake, nikajiona nimezaa simba. Hukunisema kwa mtu hata siku moja. Mimi ndiye ninayejisema leo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nasra alipomaliza kuandika, akafunga daftari akauliza, "Na hii ya Alhamisi ni ya nini?" Nikarudi kwenye mchele wangu. Nikasema sijui vizuri. Akaniambia, "Mwalimu kasema inakinga saratani ya mlango wa kizazi." Akaongeza, "Bibi Zuhura alikufa kwa presha, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Nimesema ndiyo, Shangazi. Kama tulivyosema wote msibani. Baba yangu, kaka yako, ndiye aliyeamua, akatuita chumbani akasema ugonjwa wa huko ndani hautajwi mbele za watu, semeni presha. Watu wakaja, wakauliza, wakaambiwa presha, wakaitikia, "Ah, presha siku hizi." Nami nikagawa chai.

Kule wodini Upanga ulipolazwa nilikukasirikia, na sijutii hasira ile. Miaka yote uliwasukuma wenzio wakapimwe, mwingine ulimshika mkono ukampeleka mwenyewe. Wewe ukaanza kutokwa na damu wakati hedhi ilishakoma zamani, ukajua ni nini, ukanyamaza karibu mwaka mzima. Nilikuuliza, "Wewe? Wewe wa kufanya hivi?" Ukageuzia uso ukutani. Ukasema, "Niliona haya. Wanawake wote wa mtaa huu nimezijua siri zao. Nikashindwa kumpa mtu yangu." Ndipo nilipojua kwamba hata wewe ulikuwa mwanamke wa Kariakoo kama sisi. Nililia, ukanibembeleza wewe mgonjwa.

Halafu ukaniambia kwamba ugonjwa wako sasa una chanjo, wanapewa wasichana wadogo, ujana wako ulipita kabla haijatengenezwa. Ukanishika hapa kwenye kiganja. "Zamu ya Nasra ikifika, usinitumie kadi." Nikacheka na kulia pamoja. Nikakuahidi.

Basi sikiliza mtoto wa kaka yako alichotaka kufanya. Jumapili, siku moja kabla ya hiyo kazi ya nyumbani, uliingia ujumbe kwenye simu kwenye kundi letu la wanawake wa mtaa. Sauti ya mtu tusiyemjua, anasema chanjo ile inaharibu uzazi wa mabinti. Aliyeuleta ni Bi Swafia. Nikamuuliza kautoa wapi. "Mie simo, mie nimetumiwa nami nikatuma." Nikausikiliza mara tatu. Unajua baada ya Nasra zimenitoka mimba mbili. Sina mwingine. Nikiangalia wajukuu wangu wa kesho, wote wamo ndani ya mtoto huyu mmoja. Moyo ukaniambia, mfiche. Alhamisi sema ana homa. Nilishaamua, Shangazi. Jumatatu ile napepeta mchele na kusimulia habari za ng'ombe kwa madaha, nilikuwa nimeshaamua kwamba mwanangu haendi shule.

Jumanne nikapita zahanati. Mmoja wa wasichana uliowafundisha kazi bado yupo. Nikamuuliza kama ni kweli. Hakunicheka. Kaniketisha, kanieleza pole pole kwamba dawa ile haigusi uwezo wa kuzaa, inazuia virusi vinavyoleta saratani, na kwamba saratani yenyewe ndiyo inayowatoa wanawake kizazi. Nikaitikia. Nikatoka nimeelewa, na hofu iko palepale. Kuelewa kulikuwa kichwani, hofu ilikuwa tumboni.

Jumatano mchana Bi Swafia akaja na stuli yake kukaa mlangoni kwangu. Akasema, "Mie Rahma kesho namwambia abaki nyumbani. Na kina mama wengine wa kundini wamekubaliana hivyo. Na wako je?"

Nikafungua mdomo niseme "wangu ana homa". Kumbukumbu ikanikatiza. Nilimwona Rahma yule mdogo mapajani mwake, wewe umeshika sindano, sote tunacheka. Nikafikiri, huyu bibi anaipenda damu yake kama mie ninavyoipenda yangu, na mimi ndiye ninayejua asichokijua.

Nikasema, "Bi Swafia, Zuhura hakufa kwa presha."

Akaacha kujipepea. Nikamwambia yote. Ugonjwa, mahali ulipokuwa, damu, mwaka wa kunyamaza, maumivu yako ya mwisho. Wapita njia wanapita na mizigo, mteja mmoja kasimama kashika kitenge anasikiliza na sikumfukuza. Nimekutangaza, Shangazi. Siri yako na ya kaka yako, mlangoni pa duka, mchana kweupe. Bi Swafia akasogeza stuli yake karibu yangu. Kisha akasema, "Zuhura wetu? Kwa hilo?" Akajifuta macho kwa ushungi. "Mbona hamkusema? Mie niliambiwa presha, nikakaa nikala ubwabwa wa watu." Akabeba stuli yake akaondoka, hata hakuaga.

Nyumbani nikamwambia Nasra naye. Nilidhani atalia. Kanikasirikia! "Kwa nini mlinidanganya? Nimeandika kwenye daftari jina la Bibi, nikasema alikuwa muuguzi wa chanjo akafa kwa presha!" Akachukua kifutio akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Halafu akaniuliza kama mie nataka achanjwe au sitaki. Hapo ndipo ilipokuwa shida yote, na mtoto kaiweka mezani kama sahani.

Nikamwambia ukweli. "Naogopa. Lakini nataka."

"Basi niamshe mapema," akasema.

Jana nikamsindikiza mpaka getini. Hawakuniruhusu kuingia, nikasimama nje kwenye jua na wazazi wengine. Nasoma kila dua ninayoijua. Nikaona bajaji inasimama, anashuka Rahma na sare zake, nyuma yake anashuka Bi Swafia taratibu, anamlalamikia dereva. Hakuniangalia usoni. Akaja akasimama pembeni yangu. Akasema, "Nimewapigia na wale wengine wa kundini. Nimewaambia habari ya Zuhura. Usinikasirikie." Wawili kati yao walikuwa wameshafika, wapo upande wa pili wa geti. Mmoja hakuja, na mwanawe hakuja.

Nasra alitoka saa sita. Nilimwangalia usoni kama sijamwona miaka. Akaniambia haikuuma kama alivyodhani, inauma sasa. Njaa imemshika. Eti anataka chipsi mayai.

Shangazi, nimekuwa nikijiuliza tangu jana kama umenikasirikia. Uliona haya mpaka haya ikakuua, na mimi nimekuja kuivunja hadharani bila idhini yako. Baba akisoma barua hii najua atanuna mwezi mzima, na nitamwachia aisome. Ukiwa umekasirika, nakubali kosa. Ningekuwa na nafasi nyingine ningelifanya tena. Ulikuwa muuguzi bora kuliko wote niliopata kuwaona, uliwalinda watoto wa mtaa huu hata dhidi ya ujinga wa mama zao, nami nikiwamo. Sitakubali ukumbukwe kwa ugonjwa ambao hukuugua.

Jana mchana Nasra alilala chali kwenye mkeka baada ya kula, mkono aliochomwa kauweka juu ya mto. Nikakaa karibu yake namwangalia anavyopumua. Kwako, Shangazi, ilichelewa. Kwake imewahi.

Mola akufanyie wepesi huko uliko, kama ulivyowafanyia wepesi wengine hapa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Mama Nasra